Kawa Si la Kuzuia Nzi Tu

Imerudi tena ile video. Sura zinabadilika, mtaa unabadilika, lakini video ni ile ile: kijana mwenye fulana iliyochapwa jina la ukurasa wake anamkabidhi bibi mmoja mfuko wa sembe kilo 5, mafuta lita moja na miche miwili ya sabuni. Bibi anaanza kushukuru, anakatizwa. "Bibi, angalia huku. Sema tena." Anasema tena, na safari hii machozi yanaonekana vizuri. Kwa kuwa ilikuwa Jumapili ya tatu ya Juni, Siku ya Akina Baba, chini ya video kijana kaandika kwamba moyo huu wa kutoa amerithi kwa baba yake.

Sina ugomvi na baba yake, simjui. Ila kama kweli alimfundisha, mwanafunzi alitoroka kipindi kikiwa katikati.

Wazee wa mitaa yetu, hawa wa baraza na bao, hawakufundisha kutoa. Kutoa kuna nini cha kufundishwa? Walichofundisha ni namna ya kutoa bila anayepewa kuinamisha uso, na hiyo ni kazi ya fundi: ina hatua zake, ina vipimo vyake, na ukikosea inaharibika kama zege lililozidi maji. Wala hawakuifundisha kwa hotuba. Walituma. "We, hebu njoo. Chukua hii, peleka kwa Mama Fulani." Shule nzima ilikuwa humo.

Tuanze na sahani, maana ndiyo darasa la kwanza.

Sahani ya jirani inapakuliwa kabla ya mwenye nyumba kunawa mikono. Makombo hayaendi kwa mtu, hata yawe ya pilau. Halafu vichwa vinahesabiwa: nyumba ile ina watu sita, basi vipande vya samaki ni sita, na kama havitoshi samaki anachambuliwa ndani ya mchuzi asihesabike. Vipande vinne kwa watu sita ni ugomvi uliofunikwa. Halafu kuna saa. Chakula kinachofika saa tatu usiku kimekuta watoto wameshalala na njaa, au mama ameshakwenda kukopa mahali na aibu ameshaila. Cha kupikwa kifike kabla jirani hajawasha jiko, na mwezi wa Ramadhani kabla ya adhana ya magharibi. Cha kupika, yaani unga, mchele, maharage, kiende asubuhi, ili mwenye nyumba aipange siku yake mwenyewe kama watu wengine.

Kisha maagizo ya mdomo, ambayo baba aliyasema akiwa ameinama kumtazama mtoto machoni: "Pita mlango wa uani. Piga hodi mara tatu, usipojibiwa rudi, usichungulie. Mpe mama mwenyewe mkononi, usiwape watoto. Usiseme baba kasema mle. Sema baba anawasalimu, leo kwetu kimepikwa kingi. Usisubiri sahani. Na ukirudi, usiniambie umeona nini mle ndani."

Hilo la mwisho lisome tena. Mtoto wa miaka minane kaingia uani, kaona jiko la mkaa lina majivu ya juzi, kaona sufuria limefunikwa chini juu. Anajua. Na baba anamwambia hayo uliyoyaona si yako, yaache kule kule ulikoyakuta. Kijana wetu wa video angelielewa agizo hilo moja tu, hata simu asingeitoa mfukoni.

Na juu ya sahani kuna kawa, kile kifuniko cha kusukwa. Linazuia nzi, sawa. Lakini kutoka mlango huu hadi ule, kawa linazuia macho. Hakuna anayejua chini yake mna biriani au mihogo ya kuchemsha, wala kama ni zawadi ya Idi au ni chakula cha kuokoa jioni. Sahani inayokwenda kwa mwenye nazo na inayokwenda kwa asiye nacho zinafanana zikiwa njiani. Mzee mjanja alizidisha hapo: alituma sahani tatu kwa mpigo, moja nyumba yenye shida na mbili nyumba zisizo na shida yoyote. Hizo mbili ni kawa juu ya kawa. Zinagharimu, ndiyo. Heshima ya jirani haijawahi kuwa bei rahisi.

Sasa mtego wake, ambao wengi wenye nia njema wanauangukia. Kwetu sahani hairudi tupu. Ukipelekewa futari leo, kesho sahani ile inarudi na kitumbua, na chapati, na kipande cha papai. Desturi nzuri hiyo, lakini iweke kwa mtu ambaye hana kitu. Sahani yako imekaa kwake, imeoshwa, imekaushwa, na hana cha kuwekea. Siku ya tatu ameanza kukukwepa njiani. Siku ya tano anapita njia ya nyuma ya msikiti ili asipite mlangoni kwako. Wewe unashangaa: huyu mama nimemtendea wema, mbona ananuna? Hanuni. Umempa chakula cha jioni moja na deni la wiki nzima.

Dawa zake ziko. Peleka kwenye kitu kisichodaiwa: kopo la plastiki lililokwisha kazi, au jani la mgomba kama unalo. Kama ni sahani ya udongo ya seti, usiisubiri. Mtume mtoto siku ya pili aseme wageni wamekuja, mama anaomba sahani yake, basi inarudi bila mtu kuulizana kitu. Au omba kitu. Ndiyo, omba! Kama kwake kuna mchaichai umeota karibu na bomba, kaombe majani mawili ya chai. Mtu aliyekupa mchaichai jana anaweza kupokea wali wako leo akiwa amesimama wima.

Turudi kwenye zile kilo 5, maana hesabu nazo zilikuwa somo. Nyumba ya watu sita, ugali wa kushiba unataka kama kilo moja ya unga kwa mlo. Milo miwili kwa siku, mfuko ule umekwisha siku ya tatu mchana. Video bado inatembea. Na bibi ataupikia nini? Mkaa haumo kwenye picha. Mzee aliyejua shida hakupeleka unga peke yake, aliambatanisha kisado cha mkaa, chumvi, na kitoweo japo dagaa wa kupimwa kwa kikombe, kwa sababu unga bila moto ni pambo la chumbani. Angepewa kuchagua kati ya kilo 5 za unga na kilo 3 zenye mkaa na dagaa, bibi yule asingefikiri mara mbili. Lakini mkaa haupendezi kwenye kamera, unachafua fulana.

Nitakubali jambo moja, kwa shingo upande. Wanaochanga fedha za watu wanatakiwa kutoa hesabu, na aliyetuma mchango wake kutoka Muscat au Minneapolis ana haki ya kuona umefika. Sawa. Piga picha risiti ya duka. Piga picha magunia yakiwa kwenye bajaji. Piga picha mlango, kama ni lazima sana. Uso wa bibi si risiti.

Na jingine, hili si kwa shingo upande: sahani zote hizo hazikupikwa na baba. Mama ndiye aliyeinama kwenye moshi, akakuna nazi, akapunguza sehemu yake ili ile ya jirani itimie, kisha mtoto akafundishwa kusema "baba anawasalimu." Tukiandika sifa tuandike zote. Na walikuwepo wazee waliokuwa asali barazani na pilipili chumbani, jirani anapata wali na mtoto wa ndani anapata mkanda. Hao hawakufundisha wema, walifundisha maonyesho. Kijana wa video pengine ni mtoto wao.

Somo la pili lilikuwa daftari la madeni la Mangi, mwenye duka. Kila duka la mtaa lina lile daftari, kona zimekunjika, na kurasa za watu fulani zimejaa hadi pambizoni. Kumpunguzia mtu deni ni wema mkubwa kuliko kumpa unga, kwa sababu Mangi akishakunja mkono mtu huyo hapati hata kiberiti. Lakini kuna namna yake. Usiende saa kumi na mbili jioni duka likiwa limejaa watu wanaosubiri mafuta ya kupima. Nenda linapokaribia kufungwa. Usiombe kulisoma daftari, madeni ya wengine hayakuhusu. Taja kiasi: "Hii 15,000 ipunguze kwa Mama Fulani." Kisha simama hapo hapo mpaka akate mstari kwa kalamu ya wino, aandike salio na tarehe. Usione haya. Mangi ni mtu mwema lakini ana wateja mia na kichwa kimoja. Asipokata papo hapo atasahau, na yule mama atakuja na hela yake ya kikoba alipe mara ya pili deni lile lile.

Na usifute lote. Aliyefutiwa lote anajua kuna mkono wa mtu, ataanza kuutafuta, ataanza kushuku kila anayemsalimia. Aliyepunguziwa nusu, Mangi anaweza kumwambia hesabu ya mwezi ule ilikuwa na kosa. Uongo? Uongo. Masheikh na wachungaji watanivumilia, maana wao wenyewe wanahubiri sadaka ambayo mkono wa kushoto haujui imetolewa na wa kulia, na sijui mkono huo utafichwaje bila Mangi kushirikishwa.

Siku hizi tunatuma kwa simu, na simu haina kawa: jina la mtumaji linafika kabla ya hela. Sawa, hilo limetushinda. Lakini ya kutolea haijatushinda. Mtu anahitaji 20,000 ya dawa, unamtumia 20,000 kamili, anafika kwa wakala makato yanameza sehemu, anabaki na pungufu mbele ya dirisha la famasi. Ongeza ya kutolea. Ukishindwa kuongeza, punguza kiasi cha msaada lakini kifike kizima. Na mkiweka ile orodha ya michango kwenye kundi la WhatsApp, majina kwa namba, huyu 100,000, huyu 50,000, basi mjue yule wa 2,000 ameiona orodha, ameifunga, na hatachanga tena. Andikeni jumla. Mweka hazina abaki na majina.

Saidia fundi analipwa jioni ile ile, kabla hajavaa nguo zake za kurudia nyumbani, na analipwa kwa noti zilizochenjiwa tangu asubuhi. Kuwapa vijana wawili noti moja ya 10,000 "mtagawana" ni kuwapa kazi nyingine bila malipo. Maji ya kunywa yawekwe kivulini na kikombe chake bila wao kuomba, kwa sababu hawataomba.

Mtu hadaiwi mbele ya wanawe. Halihitaji maelezo.

Kwenye daladala, kama umekaa na mwanafunzi amesimama, pokea begi lake uliweke mapajani. Basi.

Msibani nisiseme sana, maana hasira zitanipanda. Siku tatu za mwanzo kuna watu mpaka viti havitoshi, sukari imerundikwa, kila mtu anataka kuonekana amebeba. Eda, ule muda wa mjane kukaa ndani, ni miezi minne na siku kumi. Turubai likishakunjwa, mjane amebaki ndani, na nani anamletea maji? Wazee waliojua walijizuia ile wiki ya kwanza, wakatoa rambirambi ndogo ya kawaida, wakaandikwa kwenye kaunta buku kama wengine. Yao ya kweli walianza siku ya kumi: ndoo mbili za maji kila asubuhi, mtoto anazishusha mlangoni anaondoka, mkaa kila Jumamosi, na mwisho wa mwezi swali moja la chini chini kuhusu kodi ya nyumba. Atakayekuja na kamera siku ya kumi simjui. Hakuna picha pale. Kuna ndoo.

Nimetaja kutoa tu, na nusu ya pili ya shule ilikuwa kupokea, ambayo tumeisahau kabisa. Yule mama wa sahani siku moja atapata cha kurudishia. Atamtuma mwanawe na sahani yako, juu yake ndimu tatu ndogo zenye madoa, kutoka mti usio wake. Hapo ndipo mtoaji hodari anapoharibu yote kwa kusema "ah, mama asingejisumbua," au kumrudishia mtoto ndimu zake aende nazo nyumbani. Zipokee kwa mikono miwili. Mwambie mtoto akae, apewe maji ya kunywa. Halafu ita jikoni kwa sauti, asikie kabla hajaondoka, kwamba mchuzi wa leo usubiri kidogo, ndimu zimepatikana.