Keki ya Gwaride

Nyumbani Kisauni, mama alikuwa akiwaambia majirani kwamba mwanawe "aendesha meli Marekani." Sikumsahihisha. Mtu akikusifia kwa majirani unamwacha amalize. Ukweli ni kwamba nilikuwa weita msaidizi kwenye meli ya watalii, na chombo pekee nilichokuwa nikikiendesha mle melini ni jagi la maji.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Weita mkubwa ndiye anayechukua oda, anayekumbuka kwamba bibi wa meza ya pili hali karanga, na anayepiga porojo na wageni. Msaidizi ndiye miguu. Unaleta maji, mkate, siagi, kahawa, chai ya yule anayetaka limau na chai ya yule anayeona limau ni uchawi. Unaondoa sahani, unakwangua makombo mezani kwa kijichuma, halafu unakimbilia jikoni kubeba chakula: sahani kumi na mbili za moto, zimefunikwa na kupangwa ghorofa kwa ghorofa juu ya sinia moja, begani, huku sakafu ikiamua yenyewe leo inainamia wapi. Wageni ishirini na nne wa saa kumi na mbili jioni wakiondoka, unatandika upya, na wengine ishirini na nne wanaingia saa mbili na nusu wakiwa na njaa ya mtu aliyeshinda akila.

Mombasa tulipofunzwa kabla ya kusafiri, tulifundishwa kuzima moto, kuruka majini na jaketi la kujiokolea, na kuigeuza boti ya mpira iliyopinduka. Yote nikafaulu. Hakuna aliyetaja keki.

Mwenzangu wa meza alikuwa Mfilipino ambaye sote tulimwita Kuya, kwao ni kama kusema kaka. Miaka kumi na minne baharini, hajawahi kudondosha hata kijiko. Yeye ndiye aliyenifundisha msamiati wa mabaharia, kwamba mvivu anaitwa mamagayo, na ile njia ndefu ya wafanyakazi kule chini inaitwa I-95 kwa jina la barabara kuu ya Marekani inayofika Miami. Tulikuwa tukitoka bandari hiyo hiyo ya Miami, siku saba visiwani, turudi, tuwateremshe hawa, tuwapakie wengine siku hiyo hiyo.

Katika wiki yangu ya tisa, meza ya dirishani ilimpata mzee mmoja wa Texas. Mtu mwenye adabu zake, lakini alikuwa na neno moja: barafu. Nikimwekea nusu glasi ya barafu, "Zaidi, kijana." Nikijaza glasi nzima, maji yakakosa pa kukaa, "Zaidi, kijana." Mimi nimelelewa na mwanamke anayeamini maji baridi huleta kifua, kwa hiyo kila nikimpelekea nilimwonea huruma. Usiku wa nne alininong'oneza kwamba tangu apande meli hii hajapata barafu ya kutosha. Nililala vibaya.

Sasa keki. Usiku mmoja kila safari, taa za ukumbi huzimwa, muziki hupigwa, na maweita tunaingia kwa foleni tukicheza, kila mmoja na keki kiganjani juu ya kichwa, wageni wakizungusha vitambaa hewani kama harusi ya Lamu. Keki hiyo inaitwa Baked Alaska, jina la lile jimbo ambalo Marekani ililinunua kwa Urusi mwaka 1867. Ndani ni aisikrimu, chini keki laini, juu povu la ute wa mayai na sukari, kisha inaingizwa kwenye moto mkali dakika chache. Aisikrimu haiyeyuki kwa sababu lile povu limejaa hewa, linazuia joto kama godoro. Zamani ilimwagiwa pombe kali ikawashwa. Moto baharini si mchezo, basi sisi tulibeba keki zenye kitaa cha betri.

Gwaride langu la kwanza lilipokwisha, niliifuata keki yangu kule nyuma. Sikuwa nimekula tangu saa kumi. Nikapitisha kidole, hakuna kitu. Nikang'ata. Ikalia kwiii, kama kandambili mpya. Ilikuwa sponji, imepakwa rangi na kugandishwa kwenye sinia kwa gundi! Keki za kweli zilikuwa jikoni zinakatwa vipande wakati watu wanapunga vitambaa.

Angalau sponji lilinifungulia kipaji. Kuanzia safari ya pili nilikuwa nikifika katikati ya ukumbi, nazungusha kiuno chakacha, halafu naliinamisha sinia ghafla juu ya kichwa cha mgeni. Wageni wanapiga mayowe. Keki haidondoki. Makofi, simu zinapiga picha. Hata mkuu wa ukumbi, Mtaliano ambaye tabasamu lake tulilisikia kwa hadithi tu, alinigusa bega mara moja.

Safari hiyo ya mzee wa barafu, kijana mgeni wa kuosha vyombo aliingiza sponji moja kwenye mashine. Lilitoka limekunjamana kama soksi. Mpishi mkuu akasema basi, keki moja ya gwaride leo itakuwa ya kweli, na aliyepangiwa aibebe kwa mikono miwili. Haya yalitangazwa kwenye kikao cha kabla ya kazi. Mimi wakati huo nilikuwa I-95, ukutani, pembe pekee yenye mtandao, namwambia mama niko kazini siwezi kuongea. Mama akajibu, "Si umwambie mwenzio ashike usukani kidogo? Shangazi yako ataka kukusalimia." Nikamsalimia shangazi. Shangazi ana salamu ndefu.

Nilifika mbio, nikapewa sinia. Kuya alinifanyia ishara za macho, nikadhani ananisifu. Niliona sinia ni zito leo, nikasema moyoni, wametengeneza sponji jipya, zuri zaidi. Niliona kiganja kinapata baridi, nikalaumu kiyoyozi. Kuna watu wanaonywa na Mungu mara moja. Mimi nilionywa mara mbili.

Taa zikazimwa. Nikaingia na kiuno changu. Nikafika meza ya dirishani, nikaona mzee kavaa suti nyeusi na tai ya kipepeo, kwa kuwa usiku ule ulikuwa wa mavazi rasmi, nikaona anastahili onyesho kamili. Nikazunguka mara moja. Nikainamisha.

Pwata.

Muziki uliendelea, ndiyo aibu yake. Keki nzima ilikuwa imekaa mapajani mwa mzee, wima kabisa, kitaa chake kikiendelea kumeta. Meza za jirani zilipiga makofi zikidhani ndivyo ilivyopangwa. Nilishika kijichuma cha makombo, kwa sababu ndicho kilichokuwa mfukoni, na nikaanza kumkwangua.

Mzee alinishika mkono. Akaangalia suruali, akaniangalia mimi, akasema taratibu, "Kijana, leo ndiyo umeleta barafu ya kutosha."

Mkewe alicheka hadi akatoa miwani. Mtaliano hakucheka. Suti ilikwenda dobi kwa gharama ya meli, na mimi nikaenda kung'arisha uma siku tatu. Gwaride zilizofuata niliingia na kitambaa tu, nikikipunga mwisho wa foleni, mbali na chochote kinachoweza kuanguka. Usiku wa mwisho wa safari ile nilimwendea mzee na ndoo nzima ya barafu, kwa heshima. Akaomba chai ya moto.

Mkataba wangu ulipokwisha nilirudi nyumbani, nikakuta dada yangu anaolewa. Keki ilikuwa ya ghorofa tatu, na sote tunajua siku hizi keki za harusi ghorofa za chini mara nyingi ni boksi lililopakwa sukari. Nilikuwa nimesimama karibu. Sikukusudia, mkono ulikwenda wenyewe kuhakikisha. Kidole kikazama hadi kiungo cha pili.

Ilikuwa ya kweli, zote tatu. Tundu lipo kwenye kila picha, chini kidogo ya jina la bwana harusi. Shangazi alitaka kunitia kofi, lakini mama akamzuia mbele ya wageni wote: "Mwacheni, amechoka. Mtu ameendesha meli miezi tisa."