Kelele ina kipimo, mandhari je?

Gati, hoteli au machimbo ya kokoto yakipangwa kandokando ya ziwa hapa Mwanza, tathmini ya athari kwa mazingira inapaswa kusema mradi utawafanyia nini majirani. Kwenye kelele wataalamu wana pa kushika: zipo desibeli za kupimia ukubwa wa sauti, na tangu 2015 nchi ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo. Mandhari hayana mita. Ndiyo maana wapo wanaotaka yaachwe pembeni, na hoja yao ina uzito. Wanahofia "kulinda mandhari" kuwe silaha ya aliyejenga Capri Point, mtaa wa wenye nacho, ili alione ziwa, dhidi ya mama anayegonga kokoto mlimani apate ada ya watoto.

Hofu hiyo naielewa. Lakini kisichopimwa huishia kuhesabiwa sifuri. Marekani waliliona hilo mapema: sheria yao ya mazingira ya 1969 inazitaka taasisi za serikali zitafute namna ya kuyapa uzito hata mambo yasiyopimika kwa tarakimu. Tena mashine ya ujenzi huzimwa kazi ikiisha, ila mwamba uliochongwa na mvua na jua kwa mamilioni ya miaka ukishalipuliwa, basi.

Na tarakimu zenyewe tusiziamini kupita kiasi. Mashine ikitoa desibeli 70 kwa saa moja usiku, kisha kukawa kimya saa saba, wastani wa saa nane ni kama 61, maana desibeli hazigawanywi kama namba za kawaida. Ripoti itaandika 61. Aliyeamshwa aliamshwa na 70. Usiku pia, hewa ya baridi iliyolala juu ya maji huipinda sauti irudi chini, ikafika mbali kuliko mchana. Kipimo kilichochukuliwa saa nne asubuhi getini mwa mradi hakimsemei anayelala ng'ambo ya ghuba.

Kwa hiyo, kwa kelele na kwa mandhari, swali ni lile lile: umepimia wapi, na saa ngapi? Kwa mandhari, piga picha kutoka wanakosimama watu wengi: juu ya kivuko cha Kamanga, soko la samaki la Mwaloni Kirumba, njia za kupandia mlima wa Igogo. Chora jengo juu ya picha kwa kimo chake halisi, wakazi waone kitakachozibwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na ni katazo jema, lakini ghorofa kumi kwenye mita ya 61 bado ni ukuta.

Ningependa orodha ya vituo vya kupimia, vya sauti na vya picha, ipitishwe kwanza kwenye mkutano wa mtaa, na wagonga kokoto wawemo. Mshauri aliyeajiriwa na mwenye mradi asijichagulie mwenyewe pa kusimama.