Kanga ya karne ya 19 ni ya nani hasa?

Anayesema kanga si yetu ana hoja, na sitamnyima. Merikani, pamba isiyopaushwa, ililetwa kwa merikebu za Wamarekani kutoka Salem, Massachusetts, ndiyo ikapata jina hilo. Kaniki, ile buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi, ilitoka India. Hata neno leso, jina jingine la kanga, tumelipata kwa Wareno. Wapo waliogonga chapa kwa mkono hapahapa pwani, kwa vibao vya mbao juu ya merikani, lakini mashine za Uingereza na Uholanzi ziliwazidi nguvu. Faida ikavuka bahari pamoja na kazi yenyewe, na hilo linaniuma.

Lakini twende kwenye leso ilivyozaliwa. Masimulizi ya pwani yanasema vitambaa vya mkononi viliuzwa kwa jora, havijakatwa. Wanawake wakachukua sita, wakavikata tatu tatu, wakaviunga kwa mshono wa katikati. Ikatoka nguo ya kujifunga kifuani na kujitanda kichwani. Wenye viwanda waliiga baadaye, wakapiga chapa nguo nzima bila mshono. Sasa hapo mbunifu ni nani? Mimi nasema ni yule mwenye sindano.

Kuna jambo zito zaidi. Kaniki ilikuwa nguo ya watumwa na mafukara. Ukiiona mwilini mwa mtu ulimjua hadhi yake kabla hajafungua kinywa. Utumwa ulipofutwa Unguja mwaka 1897 (masuria waliachwa nje ya amri ile hadi 1909, na tusilisahau), wanawake wengi waliitupa kaniki wakavaa kanga. Nguo ilikuwa ileile kwa kila aliyeweza kuinunua. Haikuuliza mama yake nani wala alitoka bara gani.

Wapo watakaosema huo ulikuwa ununuzi tu, na kwamba mwenye duka ndiye aliyenufaika. Alinufaika, ndiyo. Lakini wanawake wa pwani walipolichoka ua fulani, mzigo ulilala dukani, na mfanyabiashara akalazimika kuuliza wanataka nini safari ijayo. Mchoro ulichorwa ng'ambo kwa kufuata jicho la Ng'ambo, ule mtaa wa mjini Unguja.

Nikiitazama kanga ya kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo bibi harusi angali anavishwa, siulizi tena kiwanda kilikuwa wapi. Nawauliza wazee nani aliichagua.