Unga wa Protini Uchaguliwe kwa Gramu

Karibu kila jimu inayofunguliwa siku hizi Dar es Salaam au Nairobi ina rafu ya makopo makubwa ya unga wa protini karibu na meza ya mapokezi, na vijana wanaoanza kunyanyua vyuma huuliza kopo lipi ni zuri hata kabla hawajajua kama wanalihitaji. Maoni yangu ni kwamba unga huu ni chakula, tena chakula cha bei ghali, na mtu hapaswi kuununua mpaka ajue sahani yake imepungukiwa na nini.

Mtu mzima wa kawaida hushauriwa kupata takriban gramu 0.8 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Anayefanya mazoezi ya nguvu anahitaji zaidi, na Jumuiya ya Kimataifa ya Lishe ya Michezo, katika msimamo wake wa mwaka 2017, ilitaja gramu 1.4 hadi 2.0. Kwa kijana wa kilo 70, hizo ni gramu 98 hadi 140. Akila mayai matatu asubuhi, amepata kama gramu 18. Glasi ya maziwa inaongeza 8, bakuli la maharage kama 15, mnofu wa kuku wa gramu 100 kama 30, na ugali wa gramu 200 za unga, ambao wengi huusahau katika hesabu hii, kama 15. Jumla ni 86. Akiongeza konzi ya dagaa wakavu, ambao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, tayari amevuka kiwango cha chini bila kufungua kopo lolote. Simaanishi kwamba kopo halina kazi. Mtu anayetoka mazoezini alfajiri na kwenda moja kwa moja kazini, mzee aliyepoteza hamu ya kula, au asiyekula nyama wala samaki, anaweza kufaidika nalo sana. Lakini hata hao watahitaji kijiko kimoja cha kupimia, kile kinachokuja ndani ya kopo, kwa siku, pengine viwili.

Ukishajua pengo lako, geuza kopo usome jedwali la lishe lililo ubavuni. Namba mbili zinatosha kuanzia: uzito wa kijiko kizima na gramu za protini zilizomo. Kijiko cha gramu 30 chenye gramu 24 za protini ni asilimia 80, na hicho ni kiwango kizuri. Linganisha na zile ndoo zinazouzwa kwa ahadi ya kuongeza mwili. Utakuta kipimo cha gramu 150 kina protini gramu 25 tu, na jina la kwanza kwenye orodha ya viambato, ambayo hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi, ni maltodekstrini, yaani wanga uliosagwa na kuchakatwa. Kijana mwembamba anayetaka kunenepa anauziwa wanga kwa bei ya protini, ilhali uji wa lishe wenye karanga na maziwa ungempa nguvu hiyohiyo kwa gharama ndogo sana. Jambo hili linaniudhi kuliko yote katika biashara hii, kwa sababu wanaoumia ni wenye kipato kidogo.

Unga mwingi hutokana na wei, yale maji yanayobaki maziwa yanapogandishwa kuwa jibini. Aina ya konsentreti, ambayo haikuchujwa sana, huwa na laktosi, yaani sukari ya maziwa, zaidi kuliko aisoleti iliyochujwa zaidi, na kwa kuwa Waafrika wengi tukishakuwa watu wazima matumbo yetu hayameng'enyi laktosi vizuri, anayejaa gesi akinywa maziwa mabichi atafute aisoleti au unga wa soya. Ambaye maziwa hayamsumbui hana sababu ya kulipia tofauti hiyo ya bei.

Ugumu unakuja kwenye kuamini zile namba zenyewe. Kipimo cha kawaida cha maabara hakipimi protini moja kwa moja. Hupima nitrojeni, kisha protini hukadiriwa kutokana nayo. Mwaka 2008 nchini China wafanyabiashara walitia melamini, kemikali ya viwandani yenye nitrojeni nyingi, katika maziwa yaliyokwisha kuongezwa maji ili yaonekane yana protini ya kutosha, na watoto wachanga wapatao 300,000 waliugua, sita kati yao wakafariki. Kwenye unga wa mazoezi udanganyifu huwa wa namna nyingine: kiwanda huongeza asidi amino (chembe ndogo zenye nitrojeni, za aina inayojenga protini) za bei rahisi kama glaisini na taurini, nazo zikahesabiwa kama protini kamili. Ukiyaona majina hayo kati ya viambato bila kuelezwa ni gramu ngapi, rudisha kopo kwenye rafu.

Nchini Marekani, ambako chapa nyingi maarufu hutoka, sheria ya mwaka 1994 haimlazimu mtengenezaji wa virutubisho kupata kibali cha usalama kabla ya kuuza. Mwaka 2025 Consumer Reports, shirika la Marekani la kutetea walaji, walipima bidhaa 23 za protini, na zaidi ya theluthi mbili zilikuwa na madini ya risasi mengi zaidi kwa kipimo kimoja kuliko kiasi ambacho wataalamu wao wanakiona salama kwa siku nzima, huku zile za mimea zikiongoza. Ndiyo maana natafuta nembo ya NSF Certified for Sport au Informed Sport, ambazo hupima bidhaa kwa vitu vilivyopigwa marufuku michezoni na kuweka namba za matoleo (mafungu ya uzalishaji) yaliyopimwa kwenye tovuti zao. Kwa mwanariadha wa mashindano hili ni la lazima, kwa kuwa kanuni za kupambana na dawa za kusisimua misuli humwajibisha yeye kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, hata kama kilitoka kwenye unga asioushuku.

Kwa sababu hiyohiyo napinga kabisa unga unaopimwa kwa kijiko kutoka kwenye kopo lililofunguliwa na kuuzwa ndani ya mfuko wa nailoni. Najua kopo zima ni ghali na mfuko unaonekana kuwa nafuu, lakini mfuko huo hauna namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi wala orodha ya viambato. Mwenye ugonjwa wa figo asiununue wala asinunue kopo lenyewe kabla ya kuzungumza na daktari wake, na mwenye fedha zinazotosha mfuko huo wa nailoni tu anunue trei ya mayai.