Kabla ya asilimia ya vifo, tuonyesheni beseni

Ripoti ya usugu wa mbu dhidi ya dawa ya kuua wadudu husomwa kwa kutazama namba moja: asilimia ya waliokufa baada ya kuwekwa kwenye bomba la kipimo lenye dawa. Ikifika 98, dawa bado inaua. Ikiwa chini ya 90, usugu umethibitika; katikati ya hapo, unashukiwa tu. Mimi nashikilia kwamba namba hiyo haitoshi kama hujaambiwa mbu hao walilelewaje, na habari za malezi mara nyingi hubaki kwenye daftari la chumba cha kufugia mbu.

Anza na beseni. Viluwiluwi wa Anopheles, mbu waenezao malaria, wapatao 200 kwa lita moja ya maji wanatosha kabisa. Chakula chao ni kile cha samaki wa mapambo, kilichosagwa kuwa unga, kinachonyunyizwa kidogo kidogo. Kikizidi, maji hufanya utando juu, na kiluwiluwi wa Anopheles hupumua akiwa amelala sambamba na uso wa maji, kwa hiyo utando humziba pumzi. Kikipungua, au wakisongamana, huchelewa kuwa pupa (hatua ya mwisho kabla ya kuwa mbu kamili) na hutoa majike wadogo. Hapo ndipo hatari ilipo: jike mdogo, aliyekulia njaa, huuawa na dawa kirahisi zaidi. Bomba la kipimo linaonyesha vifo vingi, wilaya inaambiwa dawa ni nzima, kumbe lililopimwa ni njaa ya beseni.

Umri nao una yake. Kipimo kinataka majike wa siku 3 hadi 5 ambao hawajanywa damu, maana mbu akizeeka usugu wake hupungua. Pupa wavunwe kila siku kwa pipeti, na kila kizimba kiandikwe tarehe. Mwisho wa wiki ndio huharibu mambo: pupa wa Jumamosi na Jumapili wasipovunwa, watokao huchanganyika na wa Jumatatu, na umri unabaki wa kukisia.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Mabomba manne yenye karatasi iliyopakwa permethrin 0.75%, dawa ya kuua wadudu, mawili ya ulinganisho yasiyo na dawa, mbu 25 kila moja, saa moja, kisha saa 24 za kusubiri wakiwa na pamba ya maji ya sukari 10%. Lakini tazama hesabu. Wamekufa 90 kati ya 100 kwenye dawa, na 4 kati ya 50 kwenye ulinganisho, yaani asilimia 8. Ukisahihisha kwa kanuni ya Abbott, inayoondoa vifo visivyotokana na dawa, (90 − 8) ÷ (100 − 8), unapata 89.1. Mbu wanne wasioguswa na dawa wamehamisha jibu kutoka usugu unaoshukiwa hadi usugu uliothibitika! Vifo vya ulinganisho vikizidi asilimia 20, kipimo chote kinatupwa.

Jedwali la malezi halizidi safu tano: idadi kwa lita, chakula, jotoridi, unyevu, tarehe ya pupa. Lichapishwe pamoja na matokeo, na fundi anayelijaza hadi Jumapili aandikwe miongoni mwa waandishi wa utafiti, si kwenye mstari wa shukrani.