Chanjo ya kuku asiyeumwa

Kila chanjo niliyowahi kuwapa kuku wangu nimeitoa kwa kuogopa hasara. Ugonjwa wa kideri ukiingia bandani haubakizi. Gumboro nao humaliza vifaranga kabla hujajua umepatwa na nini. Ndiyo maana kalenda ya chanjo iko ukutani, na siku yake ikifika nawanyima maji kwa saa mbili ili wakiletewa maji yenye chanjo wanywe yote, tena nachanganya maziwa ya unga kidogo kwa sababu dawa ya maji ya bomba huua chanjo. Hakuna bwana mifugo anayenisukuma. Hofu inatosha.

Mwezi uliopita niliulizia chanjo ya bakteria wanaoitwa salmonela kwenye duka ninalonunulia dawa za mifugo. Kijana wa pale akaniuliza, "Kwani kuku wanaharisha, mama?" Nikamwambia hapana, ni wazima kabisa. "Sasa ya nini?"

Swali lake ni la haki. Kuna salmonela anayeua kuku, yule wa homa ya matumbo ya kuku, na huyo wafugaji tunamjua vizuri. Ninayemsema mimi ni ndugu yake, Enteritidis, ambaye hukaa ndani ya tetea mkubwa bila kumsumbua. Tetea anakula, anataga, upanga wake wa kichwani ni mwekundu. Kumbe bakteria wako kwenye kizazi, na wanaingia ndani ya yai kabla ganda halijaumbika. Ukiliosha yai hilo hujawagusa. Anayeugua ni mlaji: homa, tumbo la kukata, kuhara siku kadhaa. Akiwa mtoto mchanga, mzee au mtu ambaye kinga yake imeshuka, bakteria wanaweza kuingia kwenye damu, na hapo ni kufa na kupona.

Kwa hiyo hii ni chanjo anayodungwa kuku ili apone mtu. Mfugaji anatoa hela, na bandani kwake haoni tofauti yoyote. Nani atainunua?

Waingereza waliwahi kukutana na swali hilo kwa njia ngumu. Desemba 1988 Edwina Currie, naibu waziri wa afya, alisema kwenye televisheni kwamba sehemu kubwa ya uzalishaji wa mayai nchini mwao ilikuwa imeathiriwa na salmonela. Biashara ya mayai ikaporomoka, wafugaji wakaja juu, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amejiuzulu. Alizidisha, kwa sababu kundi kuwa na bakteria si sawa na kila yai kuwa nao. Lakini ugonjwa wenyewe ulikuwepo, na mamilioni ya kuku walichinjwa katika kuhangaika kuuzuia. Kuchinja hakukumaliza tatizo. Mwaka 1997 England na Wales bado ziliripoti wagonjwa 14,771 wa aina moja tu ya Enteritidis, ile iliyohusishwa zaidi na mayai.

Mwaka 1998 wenye mashamba wenyewe walirudisha muhuri wa simba kwenye mayai yao, na sharti kubwa la kuupata lilikuwa kuchanja matetea dhidi ya salmonela. Hapo ndipo ninapopapenda. Haikuwa sheria ya serikali. Ila maduka makubwa yalitaka mayai yenye simba, na asiyechanja akabaki kumtafuta mnunuzi. Ile hasara ambayo bakteria hawakuwahi kumletea mfugaji bandani, soko lilimletea mlangoni. Kufikia 2009 wagonjwa wa aina ile ile walioripotiwa walikuwa 581. Mwaka 2017 mamlaka yao ya chakula ikasema hata wajawazito na watoto wachanga wanaweza kula yai la simba lenye kiini kibichi.

Sitaki kuipa chanjo sifa zote. Masharti ya muhuri yalihusu pia usafi wa mabanda, vipimo, na kupambana na panya, ambao wakishaambukizwa huacha vinyesi kwenye chakula cha kuku na kurudisha bakteria kwa kundi jipya. Chanjo hupunguza idadi ya kuku wanaobeba bakteria na mayai yanayoingiliwa. Haifungi mlango kabisa. Lakini ukisoma jinsi namba zilivyoshuka baada ya kuchanja makundi mengi, ni vigumu kuiweka pembeni.

Marekani waliijua habari hiyo yote. Kanuni zao mpya za mayai zilipoanza kutumika Julai 2010, chanjo haikulazimishwa. Mwezi uliofuata mayai zaidi ya nusu bilioni yalirudishwa kutoka sokoni, yakiwa ya mashamba ya jimbo la Iowa, na wagonjwa karibu 1,900 wakahusishwa na mlipuko huo.

Najua nitakachojibiwa: sisi mayai tunayaivisha. Kweli, chipsi mayai iliyokaangwa sawasawa haina salmonela aliye hai. Lakini mkono uliopasua mayai ndio unaokatia kachumbari. Watoto wanalamba bakuli la keki. Na wapo wanaokunywa mayai mabichi asubuhi, wakiamini yanawapa nguvu, tena wanachagua ya kienyeji.

Kinachonisikitisha zaidi ni njia tunayotumia badala yake. Kuku wakizubaa kidogo tu, tunamwaga antibayotiki kwenye maji, na mayai ya siku hizo yanaendelea kwenda sokoni. Dawa hizo haziwaondoi salmonela wote. Zinawafundisha kustahimili dawa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuzitumia kama njia ya kudhibiti salmonela kwenye kuku, na kwa nchi zenye maambukizi mengi ukalazimisha chanjo kwa matetea wa mayai kuanzia 2008. Sisi tunafanya kinyume, na watoto wetu ndio watakaolazwa na bakteria wasiosikia dawa.

Sidhani tuanze na sheria. Mfugaji wa kuku mia mbili ukimwongezea amri bila mnunuzi, atauza kwa kujificha. Waanze wanaonunua kwa wingi: hoteli, shule za bweni, hospitali, maduka makubwa. Wao wakiuliza, watotoleshaji wa vifaranga na wenye maduka ya dawa watatafuta mzigo wa chanjo. Tetea mmoja wa kisasa hutaga karibu trei kumi kwa mwaka, kwa hiyo gharama ya dozi zake ikigawanywa kwa trei hizo inakuwa ndogo.

Jumatatu napeleka trei ishirini kwenye shule moja ya bweni. Yule mama mpishi amekuwa akiniuliza jambo moja tu miaka yote: mayai makubwa au madogo? Safari hii nitakaa naye, nimweleze kuhusu salmonela, kisha nimuulize kama shule itakubali kuongeza shilingi mia kwa trei nikichanja kundi lijalo.