Simu ya Saa Mbili Asubuhi
Hapa Stockholm hata kuugua kunahitaji miadi. Sheria ya Uswidi inamwahidi mgonjwa kupimwa katika huduma ya msingi ndani ya siku 3, na kumwona daktari bingwa ndani ya siku 90 baada ya rufaa; lakini ili uifikie ahadi hiyo, sharti upige simu saa mbili kamili asubuhi, mashine ikwambie utapigiwa saa saba na robo, kisha muuguzi, kwa upole mwingi, akushauri unywe panadoli na kupumzika. Mwanangu amekohoa wiki mbili, kifua kinakwaruza kama msumeno, na mara tatu nimeambiwa nafasi zimekwisha. Kodi ya mapato, karibu theluthi ya mshahara wangu, haijawahi kusubiri foleni.